Kwenye chati mcheshi, ana kwa ana bubu: yupi ndiye mwenyewe?

Mdadisi_Pwani: Wakuu, naomba ufafanuzi. Watu wanachati miezi, mmoja anaonekana mcheshi na msikivu, siku ya kukutana anakuja mtu mwingine kabisa. Ni uongo, au kuandika kunabadilisha mtu? Na unapimaje mapema?

Kalamu_Nyekundu: Mara nyingi si uongo. Mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther alilieleza hili mwaka 1996. Anayeandika ana nafasi ya kufuta na kuanza upya, na hakuna anayeona jasho lake wala kigugumizi. Anayesoma anapata vipande vichache, vingine anajijazia, tena anajaza kile anachokitamani. Akimsifu mwenzake kwa upole, mwenzake anazidisha upole. Kwa hiyo yule mtu wa kwenye chati mmemfinyanga wawili, na kadiri mnavyochelewa kuonana ndivyo anavyozidi kunona. Mkiwa mji mmoja, wiki mbili tatu za kuchati zinatosha.

FundiPicha: Uongo upo, ila mdogo mdogo. Mwaka 2008 Toma, Hancock na Ellison walichapisha utafiti wa watu 80 wa New York waliokuwa kwenye tovuti za wachumba. Waliwapima urefu, wakawapandisha kwenye mizani, umri wakausoma kwenye leseni. Karibu wanane kati ya kumi walikuwa wamedanganya angalau kimoja, uzito ukiongoza. Lakini tofauti nyingi zilikuwa ndogo kiasi kwamba kwa macho huzioni. Anayetarajia kukutana nawe anajua atakamatwa.

Picha nazo msizilaumu bure. Selfi iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni inaikuza pua kwa takriban asilimia 30. Ukirudi nyuma hadi mita moja na nusu, kasoro hiyo karibu inaisha. Omba picha ya mwili mzima iliyopigwa na mtu mwingine.

Bi_Mkubwa: Mimi nampinga Kalamu kidogo. Wenye haya huandika yale ambayo mdomo unayakataa, na hayo ni yao kweli. Ukimya wa siku ya kwanza ni wa mtu aliyenyang'anywa kitufe cha kufuta. Kutaneni kwa chai, dakika 45 tu, hukumu iachwe hadi mara ya pili au ya tatu.

Kupima: wiki ya kwanza hamia kwenye ujumbe wa sauti, kisha simu ya video ya dakika 15. Usimtumie maswali mapema, maana majibu yaliyoandaliwa ni chati tu iliyopata sauti. Ukishuku filta, mwambie ageuze uso ubavu na apitishe kiganja mbele yake. Filta dhaifu hutetereka hapo, ingawa kutotetereka si ushahidi.

Mdadisi_Pwani: Na aliye Muscat, nauli hakuna?

Bi_Mkubwa: Basi mwanangu, acheni mahojiano. Simu ya video iwekwe mezani saa nzima na zaidi huku anapika au anapiga pasi. Nusu saa ya kwanza kila mtu huvaa sura ya wageni. Sikiliza baada ya hapo, hasa anavyomjibu anayemkatiza.

FundiPicha: Nyongeza: jina linalotokea unapotaka kumtumia pesa kwa simu linakuonyesha laini imesajiliwa kwa nani, basi. Laini nyingi ni za shangazi.