Mjadala: Mkishatengua merji, historia mnaifuta au mnaiacha?

Mleta mada, Kigoma: Wakuu, tunatengeneza programu ya mahesabu ya wauza dagaa wa Kibirizi. Msimbo tunautunza kwa Git, programu inayoweka historia ya mabadiliko. Tawi la malipo (mkondo wa kazi ya pembeni) liliunganishwa kwenye tawi kuu, ndiyo merji yenyewe, jumla ikaanza kutoka mara mbili, tukatengua kwa `git revert -m 1`. Sasa hitilafu imerekebishwa kwenye tawi lilelile, tunaunganisha tena, yanaingia marekebisho tu! Msimbo wa malipo wenyewe haurudi. Wenzangu wanataka tupige `git reset` (kurudisha tawi nyuma), tusukume kwa `--force` (kulazimisha seva ipokee historia mpya), ionekane hakikutokea kitu. Napinga. Ninyi mnasemaje?

Wa Ujiji: Git haijakosea, mkuu. Kutengua kunaondoa mistari, hakuondoi undugu: tawi lile linahesabika limeshaunganishwa, kwa hiyo komiti zake za zamani (mabadiliko yaliyohifadhiwa) haziletwi tena. Tengua kwanza ule utenguzi, ndipo uunganishe marekebisho. Torvalds, aliyeanzisha Git 2005, ndiye aliyeeleza hivyo, na imo kwenye nyaraka za Git.

Wa Tabora: Huo ni uchafu. Atakayesoma logi mwakani aone malipo yameingia, yametoka, yameingia tena, ataelewa nini? Mko wachache, pigianeni simu kila mtu avute upya. Mkiogopa, tumieni `--force-with-lease`, inakataa kama mwenzako ameshasukuma kitu ambacho hujakivuta.

Mleta mada: Simu gani, mkuu? Mwenzetu yuko Uvinza, bando likiisha anaendelea kuandika bila mtandao. Akirudi anavuta, Git inaunganisha historia yake ya zamani na mpya, anasukuma kawaida kabisa, hata `--force` haihitaji. Komiti tulizofuta zote zimerudi, na ule utenguzi umo. Hiyo lease yako itamzuia nani hapo?

Wa Mwanga: Mimi nakubali kufuta nywila ya hifadhidata ikiingia kwenye komiti. Hata hapo badilisha nywila kwanza, maana nakala ziko kwa watu, na reflog (kumbukumbu ya ndani ya Git) ya kila mashine kwa kawaida inashikilia komiti isiyo na tawi siku 30.

Wa Tabora: Haya, Uvinza imenibana. Tawi lako binafsi ambalo hujalisambaza, lipige rebase (panga upya komiti zake) utakavyo. Ila hizi komiti za "Revert Revert" bila maelezo zinanikera.

Mleta mada: Hapo tuko pamoja. Naandika hivi: "Malipo yanarudi; jumla ilikuwa inatoka mara mbili, imerekebishwa." Nasukuma leo usiku, bila `--force`.