Kasha la Bibi

UKOO WA BARABARA YA 12, NGAMIANI

Ijumaa

Saumu: Assalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Bibi kaniambia nipige picha kasha lake la kazi za mkono niwawekee hapa. Anasema kila mtu aangalie.

[Picha 6]

Athumani: Waalaykum salaam. Hiyo ya kijani picha ya tatu ni soksi?

Saumu: Fulana ya kufuma. Yako. Aliianza ulipokuwa tumboni.

Athumani: Nina miaka 27 😂😂

Saumu: Anasema umebaki mkono mmoja tu.

Mama Saumu: Saumu, mbona hukuniambia kwanza kabla ya kuweka huku? Mama hajambo?

Saumu: Hajambo, anakula mihogo ya nazi hapa.

Mama Saumu: Maana mtu mzima akianza kufungua makasha, moyo unashtuka.

Bibi: 🎤 0:06

Saumu: Kwa walio kazini nitawaandikia anavyosema. Hapo kasema: "Sijafa, Zuhura. Nafungua kasha."

Baba Athumani: Shikamoo mama. Mimi naona jambo lenyewe jepesi. Hapa Temeke nina fundi ana cherehani ya umeme, wiki moja anamaliza vyote. Vitumwe kwa basi, gharama juu yangu.

Bibi: 🎤 2:31

Saumu: "Marahaba Hamisi. Fundi wako abaki hukohuko na cherehani yake. Sikufungua ili vimalizwe, nimefungua nijue nina nini. Miaka miwili hii nikilipita kasha nageuza uso, kama nimekutana na mtu anayenidai. Mna kazi tano humo. Nilizianza nikiwa na macho mengine. Haya niliyonayo sasa hayakumwahidi mtu kitu."

Rukia: Bibi pole. Lakini si ulifanyiwa operesheni, ukasema unaona mpaka chungu ukutani?

Saumu: Ile ilikuwa ya mtoto wa jicho, jicho la kulia. Walitoa lenzi yenye ukungu wakaweka ya bandia. Aliporudi akaona kuta za jikoni zilivyo, tukagombezwa wiki nzima. Lakini ana presha ya macho pia, yote mawili, la kushoto ndilo limeharibika zaidi. Hiyo haina operesheni ya kurudisha kilichopotea. Matone ya kila usiku ni ya kuzuia isiendelee.

Athumani: Presha ya macho ndiyo hii hii ya kupanda?

Saumu: Hapana, mtu anaweza kuwa na presha nzuri ya damu na ya macho iko juu. Ni maji ya ndani ya jicho, yakikosa njia ya kutoka yanabana mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo. Haiumi hata kidogo. Inakula pembeni kwanza, katikati unaona kama kawaida, kwa hiyo hujui. Bibi alishtuka alipoanza kugonga bega la kushoto kila akipita mlangoni.

Mama Rukia: Nakumbuka. Tukasema mlango ni mwembamba.

Jumamosi

Bibi: 🎤 3:48

Saumu: Hii ndefu, nivumilieni.

"Mnataka kujua kinachonishinda ni nini. Si kutunga uzi. Nikivaa miwani uzi natunga, bado. Kinachonishinda ni cheupe juu ya cheupe. Ile kofia ya bulibuli ya marehemu babu yenu imebaki safu nne za viua. Kiua unatoboa kwa sindano nene, unazungushia uzi pembeni mpaka kitundu kikae wazi kama jicho la samaki. Uzi mweupe, kitambaa cheupe. Zamani nilikuwa naona kivuli cha uzi, nakifuata hicho. Sasa kivuli sikioni, pameshikana pote kama uji. Niliwahi kutoboa mahali nilipokwisha kushona, kitambaa kikachanika. Siku ile nikaikunja."

Mama Rukia: Mama, kofia nipe mimi niimalizie. Viua ulinifundisha mwenyewe.

Bibi: 🎤 0:40

Saumu: "Hiyo haimaliziwi, Mwanaisha. Ndani yake bado iko ile kamba niliyompimia kichwa, na fundo lake. Nitalala nayo chini ya mto. Nimeshaamua."

Mama Rukia: Sawa mama.

Bibi: 🎤 1:15

Saumu: Eeh. Hii jamani mimi simo.

Mama Saumu: Inasemaje?

Saumu: "Halafu kuna mtu aliingia kwenye kazi yangu usiku. Jumanne niliushika mfarishi wa Rukia nikapitisha kidole. Mishono yangu imelala kama punje za mchele, inafuatana. Nikafika pahala kidole kikaanza kuyumba, mshono unatembea kama kaa. Nikamuuliza Saumu, akasema hajui. Mwongo."

Mama Saumu: Ujumbe huu umefutwa

Athumani: Shangazi tumeona umefuta 👀

Mama Saumu: Ni mimi mama. Nisamehe. Jioni ile nilikukuta unashona na kufumua pahala palepale mara tatu, roho ikaniuma. Ulipolala nikasema nikusogezee. Nilishona viraka vitano tu.

Bibi: 🎤 0:04

Saumu: "Sita. Nimeshavifumua."

Athumani: 😂😂😂 shangazi umekamatwa

Mama Saumu: 😭

Bibi: 🎤 0:12

Saumu: "Usilie. Anayetaka kunisaidia anisaidie nikiwa macho."

Athumani: Samahani, mfarishi ndio nini?

Mama Rukia: Komfota ya enzi zetu mwanangu. Vipande vya kanga vimeungwa, ndani unajaza sufi. Kuna kisutu cha harusi ya mama mle, kuna kanga za Urafiki, kuna kikoi cha baba cha kazini.

Rukia: Bibi mimi hata nusu naupokea. Au tuache kabisa, shuka zipo dukani.

Bibi: 🎤 2:02

Saumu: "Shuka za dukani ununuliwe na mumeo. Huu nitaumaliza, ila si ule niliouanza. Nilipanga viraka 64, nane kwa nane, na mishono midogo ya kupita juu kote. Hiyo tena sifanyi. Vilivyokwisha ni 38. Nachukua 36, sita kwa sita. Pembeni nazungushia pindo pana la kisutu, kipande kimoja kirefu, mkono unakwenda wenyewe. Na badala ya mishono ya juu, kila pembe ya kiraka nafunga fundo, uzi mnene mwekundu. Fundo nalishika hata umeme ukikatika. Viraka viwili vinavyobaki ni vya kuepulia sufuria. Harusi si Mfungo Tatu? Nitawahi."

Rukia: Bibi 😭❤️

Saumu: Tumeshaanza. Asubuhi namtungia sindano kumi, nazichomeka kwenye kipande cha godoro, zinamfikisha adhuhuri. Anakaa barazani saa 2 hadi saa 5, mwanga unaingia kushoto kwake ili mkono usimtie kivuli. Kitambaa kikiwa cheupe anatandika kanga nyeusi mapajani. Kazi yangu nyingine ni kujibu maswali ya rangi. Jana kiraka cheusi na cha bluu iliyokoza alivishika vyote viwili akaniuliza kipi kipi.

Baba Athumani: Basi mama, fundi nimemwacha. Taa je? Nikuletee taa?

Bibi: 🎤 0:15

Saumu: "Taa naichukua. Yenye shingo ya kupinda, niielekeze kwenye kazi. Isinipige usoni, mwanga wa usoni unanipofua zaidi ya giza."

Baba Athumani: Hilo limekwisha. Na zile foronya kwenye picha ya tano si zangu?

Saumu: Ndiyo mjomba. Za harusi yako 1998, H na M. Bibi alifika kwenye M akaugua malaria. M haina mguu wa mwisho.

Baba Athumani: Nikilalia hizo mke wangu ataniuliza N ni nani.

Athumani: Baba 😂

Bibi: 🎤 1:37

Saumu: "Sasa nisikilizeni vizuri. Daktari aliniambia ugonjwa huu unatembea ukooni. Mama akiwa nao, watoto wake wako karibu nao kuliko mtu wa kando. Ninao watatu na wote mmeshapita miaka 40. Mimi nilichelewa, nililaumu mlango. Hakuna anayetoa kitu kwenye kasha langu mpaka anionyeshe karatasi kwamba amepima macho. Na si kusoma zile herufi za ukutani tu, presha ya ndani na mshipa wa nyuma."

Mama Rukia: Hapa Muheza nitauliza Jumatatu.

Mama Saumu: Mimi naona vizuri tu mama.

Bibi: 🎤 0:05

Saumu: "Nimeuona mshono wako."

Athumani: 💀

Baba Athumani: Wiki hii kazi nyingi, lakini tutaona.

Athumani: Mimi fulana yangu siidai.

Saumu: Bibi anasema fulana inafumuliwa, uzi atamfumia mtoto utakayemzaa. Na kile kitambaa cha meza alichoagizwa na jirani aliyehama nacho kinafumuliwa.

Jumatano

Baba Athumani: [Picha]

Baba Athumani: Mama shikamoo. Nimetoka kupima sasa hivi. Mashine inakupulizia upepo kwenye jicho, nimeruka kama mtoto. La kushoto zuri. La kulia wamesema presha iko juu kidogo, nirudi wiki ijayo waangalie tena kabla ya kusema lolote.

Mama Saumu: Kaka!

Mama Rukia: Alhamdulillah umekwenda mapema. Mimi wangu kesho asubuhi. Dada Zuhura twende wote, nakuja huko Tanga.

Mama Saumu: Njoo, twende.

Baba Athumani: Sikuwa nasikia kitu chochote. Naendesha gari kila siku.

Bibi: 🎤 0:52

Saumu: "Marahaba mwanangu. Wiki ijayo urudi, usiseme kazi. Wakikupa matone, moja linatosha, usijimwagie. Ukishatia funga jicho, kidole ubane hapa kwenye kona ya pua dakika moja au mbili, lisiteremkie kooni. Foronya zako Saumu atazifunga leo. M nimeshaitia mguu. Uzi wa bluu sikuuona, nimetia mweusi."

Saumu: Mjomba, sio mweusi. Ni zambarau. Nimwambie?

Baba Athumani: Mwambie.

Saumu: Nimemwambia. Kasema basi ni zambarau.