Mama anakuja Kuala Lumpur: naomba maelekezo ya Pasar Seni

Kutoka: Mwanafunzi wa Kajang

Assalaam alaykum wanajumuiya, na habari za siku nyingi.

Mama yangu anakuja mwezi ujao kwa ajili ya mahafali yangu. Anatoka Wete, na safari yake ya mbali kuliko zote hadi leo ilikuwa Dar es Salaam. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na ameshaniambia kwenye simu kwamba hawezi kurudi mikono mitupu: kuna dada zake, majirani, mwalimu wa madrasa, orodha ni ndefu. Wenzangu chuoni wananiambia nimpeleke Pasar Seni, lile soko la kazi za mikono. Mimi miaka minne yote nimepita kituoni pale nikibadilisha treni tu, sokoni sijaingia. Je, mna vitu vya kweli mle au ni vya kuwauzia watalii? Bei zinapatanwa? Na kwa magoti yake ataweza?

Natanguliza shukrani.

Kutoka: Mama wa Gombak

Waalaykumu salaam mwanangu, na hongera kwa kumaliza. Mama ataweza, na atapapenda. Kila mgeni wangu kutoka nyumbani namfikisha pale kabla sijamwonyesha minara pacha, maana minara ataiona hata akiwa njiani.

Nianze na njia. Wewe uko Kajang, kwa hiyo mnapanda treni ya MRT moja kwa moja hadi kituo cha Pasar Seni. Mnunulie kadi yake ya nauli, ile ya Touch 'n Go, asihangaike na mashine. Fuateni alama za lifti tangu mnapoingia, kwa sababu wazazi wetu huona haya kusema wamechoka na watapanda ngazi kimya kimya hadi magoti yavimbe usiku. Ukitoka kituoni ni mwendo wa dakika chache, utaona jengo la buluu na nyeupe. Hufunguliwa saa nne asubuhi. Fikeni saa hiyo hiyo, tena siku ya kazi. Jumamosi watu wanasukumana na huwezi kusimama ukakagua kitu, na alasiri mvua ya radi ikishuka hakuna anayetoka. Ndani kuna kiyoyozi, achukue mtandio mzito.

Msimulie historia yake mkiwa kwenye treni. Mji huu ulianza na wachimbaji wa bati pale mito ya Klang na Gombak inapokutana, ndiyo maana ya jina Kuala Lumpur, makutano yenye matope. Soko lilianza mwaka 1888, na halikuwa la sanaa hata kidogo, lilikuwa la samaki, nyama na mboga. Jengo mnaloliona sasa ni la 1937. Miaka ya 1980 lilikuwa libomolewe, wapenzi wa majengo ya kale wakalipigania, likageuzwa soko la kazi za mikono. Kila nikisimama pale mlangoni nawaza masoko yetu ya zamani tuliyoyaacha yakaondoka bila hata mtu kuandika barua.

Sasa batiki, hapa nisikilize vizuri.

Utaona nguo mia zinazofanana kwa macho, na zote muuzaji ataziita batik. Ni kweli zote zina michoro ya batiki, lakini kazi ni tatu tofauti. Ya kwanza ni *batik tulis*, inayochorwa kwa mkono. Fundi ana kijikombe cha shaba chenye mdomo mwembamba, wanakiita *canting*. Anatia nta ya moto humo, anachora ua kwa nta, halafu anajaza rangi kwa brashi ndani ya mistari. Akina mama wanaotengeneza batiki kwetu watakuelewa mara moja, ni nta ile ile ya kuzuia rangi, ila wao wengi huchovya kitambaa kizima ndani ya rangi, na wa huku hupaka ua moja moja. Ya pili ni *batik blok*, ya muhuri wa chuma unaochovywa kwenye nta na kugongwa kitambaani. Nayo ni kazi ya mkono. Ya tatu ni *cetak*, ya kuchapwa kwa mashine kiwandani, nta haikuigusa.

Namna ya kuzijua: geuza kitambaa. Nta na rangi hupenya, kwa hiyo ya mkono upande wa nyuma unakaribia kuwa sawa na wa mbele. Ya kuchapwa mara nyingi nyuma imepauka. Kisha tafuta maua mawili yanayofanana na uyaweke karibu karibu. Mkono wa mtu haurudii, utaona jani moja limenenepa kidogo au mstari umetetereka. Yakifanana kabisa, nukta kwa nukta, umeshapata jibu. Halafu uliza bila kuogopa: "Ini batik tulis, blok atau cetak?" Wengi watakujibu ukweli. Ya kuchapwa nayo inavaliwa na inafaa kwa majirani kumi, mradi ulipe bei ya kuchapwa. Ya mkono, hasa ya hariri, chukua moja tu, ya mama mwenyewe.

Na umwambie kitenge chake cha nyumbani kina ndugu huku. Waholanzi katika karne ya 19 waliiga batiki ya Java kwa mashine, nguo hizo zikauzwa Afrika, na ndiko vilikotoka vitenge vya wax tunavyovijua.

Kupatana bei kupo, lakini si kwa mtindo wetu wa kuanzia nusu. Ukitaja nusu, muuzaji huumia moyo, nimeona kwa macho yangu. Mwite *Kak* akiwa rika la dada yako, *Makcik* akiwa wa umri wa mama, kisha useme "Boleh kurang sikit?", yaani unaweza kupunguza kidogo? Mara moja, kwa upole. Ukichukua vitatu vinne hupunguza wenyewe. Akikuambia bei ni hiyo hiyo, shukuru, ama ununue ama upite.

Chakula kiko ghorofani. Mwagizie nasi lemak, ni wali wa nazi, hatakuwa mgeni. Sala ya adhuhuri ni Masjid Jamek, msikiti wa mwaka 1909 uliopo pale pale mito inapokutana. Ni kituo kimoja kwa treni ya LRT, na kwa mguu si mbali, lakini kwa magoti hayo pandeni treni.

Kutoka: Dada wa Shah Alam

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, nimekaa hapa miaka sita. Sitaki kumpinga Mama wa Gombak, ila lazima niseme yaliyonipata. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua shela katika kibanda kimoja mle, nikaambiwa ni ya kuchorwa kwa mkono, nikalipa kama ya mkono. Nikampelekea shangazi yangu Mombasa, ambaye ni fundi cherehani. Aliigeuza mara moja tu akaniuliza nimelipa ngapi. Niliona uchungu sana, si kwa pesa, ni kwa kuwa nilimwambia kwa fahari kwamba imechorwa na mkono wa mtu.

Kwa hiyo ukitaka kuwa na uhakika, nenda pia Kompleks Kraf, barabara ya Jalan Conlay. Inasimamiwa na shirika la serikali la kazi za mikono, na unaweza kuona mafundi wakifanya kazi na hata kujaribu kupaka batiki mwenyewe.

Kutoka: Mama wa Gombak

Pole sana mwanangu, na umefanya vizuri kusema. Kompleks Kraf ni kuzuri, nakubaliana nawe. Ila kule kumetulia mno kwa mgeni anayetaka kuona watu, na zawadi ishirini atazipata kwa urahisi zaidi Pasar Seni. Aende kote kama siku zinaruhusu. Ageuze kila kitambaa kama shangazi yako.

Kutoka: Kaka wa Serdang

Mimi nachangia upande wa mizigo tu, kwa sababu nimewasindikiza wengi uwanja wa ndege.

Mama asinunue *keris*, lile jambia la mawimbi, hata likiwa dogo la mapambo, halafu akaliweka kwenye mkoba wa mkononi. Linakwenda kwenye begi kubwa au halinunuliwi. Matumbawe na makombe ya baharini aachane nayo kabisa. *Wau*, ile tiara kubwa ya kurusha angani ya jimbo la Kelantan, yenye umbo la mwezi chini, inapendeza sana na watoto wataililia, lakini fremu yake ni ya mianzi myembamba na itavunjika. Zipo ndogo za ndani ya kisanduku, chukueni hizo. Vitu vya *pewter*, ambavyo ni bati lililochanganywa na madini mengine kidogo, ni vizito kuliko vinavyoonekana. Pimeni begi kabla ya kwenda uwanjani.

Kuna mtungi mmoja mweusi wa udongo wenye umbo la kibuyu, unaitwa *labu sayong*, kutoka jimbo la Perak. Wanasema maji hupoa ndani yake, na ni kweli, ninao. Ni udongo unaofukizwa kwa makapi ya mpunga hadi uwe mweusi. Mama mtu mzima wa kwetu akiuona atautaka. Uzungushieni nguo na aubebe mkononi.

Kutoka: Mwanafunzi wa Kajang

Assalaam alaykum tena. Mama amerudi Wete tangu Jumapili, amefika salama, na nimeona niwaletee habari kwa sababu nyote mlihangaika nasi.

Tulifika saa nne na dakika chache, Jumatano. Shela kumi na mbili za kuchapwa kwa bei ya kuchapwa, na kitambaa kimoja cha hariri cha *tulis* ambacho mama alikigeuza, akakinusa, akakiinua kwenye taa, akakirudisha mara mbili kabla ya kukubali. Muuzaji alimvumilia vizuri. Labu sayong tumeununua na umefika bila ufa.

Lakini kilichomshika mama sikukitarajia. Katika kibanda kimoja kulikuwa na mikoba na mikeka, akauliza ni ukindu gani huu. Mwenye duka, mama wa makamo, akasema ni *mengkuang*. Nikatafuta picha kwenye simu, na mama alipoiona alipiga kelele: "Huu si ndio mkadi!" Ni jamaa yake kweli. Ule mkadi ambao kwetu wanawake hutia maua yake kwenye nywele na kwenye nguo, huku majani ya jamaa yake yanasukwa mikeka. Mama amesuka tangu yuko msichana, anajua miyaa, anajua ukindu, lakini hakuwahi kufikiria jani la mkadi.

Akaketi. Mwenye duka alimletea kigoda mwenyewe. Mama akaugeuza mkeka na kuutembeza vidole akitafuta mahali ukili, ule utepe mrefu wa kusukwa, ulipounganishwa, maana sisi tunasuka ukili kwanza, halafu tunaushona uwe mkeka. Hakupata mshono. Yule mama akaelewa anachokitafuta, akamwonyesha kwa vidole kwamba huku husukwa mzima mzima. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mmoja alisema "Apa khabar?" na mwingine akajibu "Habari nzuri," wakacheka, kisha wakaanza kuonyeshana vitu: meja na meza, sabun na sabuni, kertas na karatasi, bendera ikabaki bendera. Nilikaa pembeni karibu saa nzima, nikaacha kutafsiri kwa sababu sikuhitajika.

Magoti hayakutajwa siku ile.

Bei ya mkeka hatukuipatana, mama alikataa. Alisema anajua mwenyewe kazi yake ni ya siku ngapi. Na mkeka huo hakumpa mtu, ameutandika chumbani kwake.

Jana amenipigia. Anataka kujua majani ya mengkuang yakishachanwa na kutolewa miba, huchemshwa kabla ya kuanikwa kama tunavyofanya ukindu wa rangi, au hulowekwa kwanza? Nyuma ya nyumba yao kuna mikadi miwili. Mama wa Gombak, je, unamfahamu msukaji yeyote ninayeweza kumuuliza?