Upatanisho wa kisarufi gredi ya nne: jedwali la ngeli, umoja na wingi, au kadi?

mwl_gredi4
Hamjambo walimu wenzangu. Ninafundisha gredi ya nne, nje kidogo ya Nairobi, na upatanisho unanitoa jasho. Madaftari yamejaa "gari imeharibika", "kitabu yake imepotea", "viatu zangu zimechafuka". Nina njia tatu mezani:

1. Jedwali la ngeli ukutani: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I na wenzake. Wanakariri, kisha wanajaza mapengo.
2. Umoja na wingi kwa mdomo, sentensi nzima, bila kutaja jina la ngeli.
3. Kadi: nomino huku, vitenzi kule, watoto watafute jozi.

Vipindi havitoshi kufanya zote vizuri. Mngeanza na ipi?

mzee_wa_ubao
Ya pili, bila kusita. Nimefundisha Tanga hadi kustaafu na sijaona jedwali likimtoa mtoto. Atakuimbia A-WA mpaka PA-KU-MU bila kukwama, kisha mwambie aandike habari za shamba la babu yake, utasoma "maembe zimeiva".

Anza na KI-VI, maana humo karibu kila neno linaitikia: Kiti hiki kidogo kimevunjika. Viti hivi vidogo vimevunjika. Nusu ya darasa itamke umoja, nusu nyingine ijibu kwa wingi. Baada ya hapo ingia LI-YA, na hapo usikimbie, kwa sababu ule mwitikio unakatika: jicho kubwa linauma, macho makubwa yanauma. Nomino ina ma-, kivumishi kina ma-, kitenzi kinakuja na ya-. Mtoto aliyezoea KI-VI atakuandikia "macho manauma" na atakuwa amefikiri vizuri kabisa. Kaa hapo wiki nzima ikibidi.

ziwani_K
Shikamoo mzee. Hoja yako ni nzito kwa Tanga, ambako mtoto anaingia shuleni sikio limeshajaa. Huku Kisumu wengi wa wanafunzi wangu nyumbani wanasema Dholuo, lugha isiyo na ngeli za namna hii, na Kiswahili wanachokipata stendi ni "gari imejaa, panda ingine". Ukiwaambia wachague linalosikika vizuri, watachagua hilohilo la stendi. Sikio linafundisha kile lilichokisikia.

Ndiyo maana mimi silitupi jedwali. Ila silibandiki lote. Naanza na ngeli nne tu, na chini ya kila moja kuna sentensi kamili ya kielelezo badala ya viambishi vitupu. "Gari limeharibika, magari yameharibika" inakaa ukutani muhula mzima.

Mtoto wa Kikuyu au Kikamba ni habari nyingine. Mũtĩ na mĩtĩ anayo tangu kwa mama yake, kwa hiyo nomino kutawala sentensi si jambo geni kwake. Tabu yake ni kujua kiambishi kipi cha Kiswahili kinakaa wapi. Mwalimu, wako ni kina nani?

mwl_gredi4
Mchanganyiko. Na wengine lugha ya nyumbani ni Sheng.

ziwani_K
Basi pole. Jedwali dogo, kisha mdomo.

kadi_na_gundi
Naona namba tatu imeachwa yatima. Kadi zinafaa, ila walimu wengi wanazitengeneza vibaya. Wanaandika "kikombe", "mtoto", "mti" upande mmoja, na "kimevunjika", "analia", "umekauka" upande wa pili. Mtoto anapata zote! Kwani kikombe kinalia? Ametumia maana, upatanisho hakuugusa.

Tumia shina moja la kitenzi kwenye kadi zote: ameanguka, wameanguka, kimeanguka, vimeanguka, limeanguka, yameanguka, umeanguka, imeanguka, zimeanguka. Hapo hana pa kujificha, lazima atazame kiambishi. Kadibodi ya maboksi ya dukani inatosha.

Wakishazoea, tupia kadi za mtego. Ndege ametua mwembeni, ndege imetua uwanjani. Kiboko ametoka mtoni, kiboko kimekatika. Watabishana mpaka kengele ilie, na humo ndimo wanamogundua kwamba chenye uhai kinaenda A-WA hata kama umbo lake ni la KI-VI.

mzazi_Arusha
Samahani, mimi si mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tano huku Tanzania, daftari lake linasema M-WA, M-MI, JI-MA. Binamu yake wa Kenya ana A-WA, U-I, LI-YA. Nani amepotoshwa?

kadi_na_gundi
Hakuna. Daftari la mwanao linaita ngeli kwa umbo la nomino (m-ti, mi-ti), la binamu yake linaita kwa kiambishi cha kitenzi (mti *u*meanguka, miti *i*meanguka). Kwa upatanisho naona la pili linamrahisishia mtoto, kwa sababu jina la ngeli ndilo jibu lenyewe. La kwanza lina mashimo: kiongozi na kipofu wana umbo la KI-VI, lakini kiongozi amefika, vipofu wamefika. Usimbadilishie lakini. Afuate ya mwalimu wake, mtihani atafanyia huko.

mzee_wa_ubao
Kuhusu kadi nimekubali, hiyo ya shina moja sikuwahi kuifikiria. Ongezeni I-ZI mapema. "Nyumba" ni ileile ikiwa moja au kumi. Nyumba imebomoka, nyumba zimebomoka: idadi imebebwa na kitenzi peke yake. Mtoto akishaona hilo anaacha kuuliza upatanisho una kazi gani.

mwl_gredi4
Asanteni sana. Nitaanza na ngeli nne za ziwani_K: A-WA, KI-VI, LI-YA na I-ZI. Asubuhi mdomo, Ijumaa kadi. U-I na U-ZI zitasubiri muhula ujao, maana "ukuta umeanguka, kuta zimeanguka" itawavuruga sasa hivi.

Swali dogo la mwisho: "rafiki zangu wamefika". Zangu ni ya I-ZI, wamefika ni ya A-WA. Wakiniuliza?

ziwani_K
Waambie rafiki na jamaa wa karibu, kama mama, baba, ndugu na dada, wana desturi yao kwenye -angu, -ako, -ake: mama yangu, ndugu zetu. Kitenzi hakibadiliki, kinabaki A-WA. Waandike mifano, wasonge mbele.

mzee_wa_ubao
Na wakikuuliza "kiti na meza" inachukua nini, sema vimevunjika, ufute ubao haraka kabla hajatokea wa kubisha.