Kalio moja tu linauma, chanzo ni nini?

Muulizaji: Wakuu, habari zenu. Kalio la kulia linauma wiki ya tatu sasa, la kushoto halina shida. Nikikaa linazidi. Sijaanguka wala kuchomwa sindano. Nianzie wapi?

Mchangiaji A: Mkuu, tafuta kwa kidole kimoja panapouma hasa. Chini kabisa, kwenye mfupa wa kukalia: shuku kano za misuli ya nyuma ya paja. Katikati ya kalio: msuli wa pirifomisi, ambao ukikaza unabana neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka mguuni. Juu, kwenye kishimo kando ya uti wa mgongo: kiungo kati ya nyonga na uti. Ubavuni, na huwezi kulalia upande huo: kano za misuli ya kalio.

Mchangiaji B: Na mgongo msiusahau. Diski ya kiunoni, yaani kile kitulizo kati ya pingili za uti wa mgongo, inaweza kuumiza kalio huku mgongo wenyewe uko kimya. Lala chali, mtu akuinulie mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla ya nyuzi 70, neva inasumbuliwa. Kisha simama kwa ncha za vidole vya mguu huo pekee, halafu tembea kwa visigino. Ukishindwa, muone daktari mapema.

Muulizaji: Mguu hauna shida. Ni mfupa wa kukalia, na kila asubuhi nainama kugusa vidole ili kunyoosha.

Mchangiaji A: Hapo ndipo unapojiumiza! Ukiinama, kano inakandamizwa kwenye mfupa uleule. Acha kwanza. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno, shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja. Rudia mara 5. Maumivu madogo yanavumilika, ila yakiwa makali zaidi kesho yake, punguza. Ukikaa, inuka kila nusu saa, na pochi isikae mfuko wa nyuma. Kano hazina haraka. Hesabu miezi, si siku.

Mchangiaji C: Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au miguu yote kulegea: hospitali leo leo, usisubiri kesho. Homa na uvimbe wa moto huenda ni jipu. Malengelenge upande mmoja, fikiria mkanda wa jeshi. Na kama una chini ya miaka 45, unaamka umekakamaa zaidi ya nusu saa na kutembea ndiko kunakokulegeza, mwambie daktari hivyo hivyo, aangalie uvimbe wa kile kiungo cha nyonga na uti.