Mrejesho: yule nlouliza kuhusu majibu ya HPV, nshaenda kipimo cha pili

Dada zangu, mimi ndo yule wa Kisauni nlouliza kama kukutwa na HPV 16 (kile kirusi cha kupitia ngono chaweza kuleta kansa ya mlango wa kizazi) maana yake nshapata kansa, na kama ni mume ndo kaniletea. Nshafanyiwa kolposkopi, yaani kuangaliwa mlango wa kizazi kwa kioo cha kukuza. Nlitetemeka mpaka sista akasema mama hebu legeza miguu, twaangalia tu. Wanaingiza kile chuma cha kufungulia, baridi hicho wallahi, kisha wanapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, palipo na seli zilobadilika panageuka peupe, ukitaka waona mwenyewe kwenye skrini. Changu kidoa kidogo tu, wakakata kinyama wapeleke maabara, pale tumbo likasokota kama la mwezi halafu likatulia, siku chache wavaa pedi na mambo ya chumbani yasubiri.

Majibu ni CIN 1, yaani mabadiliko madogo ya seli, si kansa, hawakichomi hicho kidoa wala nini, narudi kupimwa baada ya mwaka sababu mara nyingi mwili wenyewe huyaondoa. Na la mume, daktari kasema kirusi chaweza kukaa kimya miaka na miaka, huwezi jua kilitoka wapi, kwa hivo nyie mlonambia nifunge virago tulieni kwanza. Binti yangu yuko na miaka 10, nampeleka chanjo ya HPV wiki hii, kwa hospitali za serikali ni bure.