Jiji la Zanzibar: baraza moja au manispaa tatu?

Mtoa hoja, mkaazi wa mjini Unguja

Ndugu zangu, naliweka hapa suala ambalo kila masika hulizungumza barazani kwetu, na jua likiwaka tunalisahau. Mji wetu una Baraza la Jiji, na chini yake manispaa tatu: Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Kila moja ina meya wake, mkurugenzi wake na madiwani wake. Tubaki hivi, au manispaa zivunjwe tuwe na baraza moja tu?

Mimi nasema liwe moja. Naeleza sababu, kisha mnijibu.

Nyumba yangu iko mpakani mwa wilaya mbili. Njia inayopita mbele ya mlango ndiyo mpaka wenyewe. Mtaro unaanzia upande wa pili, unapita chini ya njia, unatokea ubavuni kwangu. Masika ya mwaka juzi ukaziba. Nilikwenda ofisi ya kwanza, nikaambiwa kilichoziba kipo ng'ambo ya njia, hivyo niende ofisi ya pili. Ya pili wakaniambia maji yanatuama upande wangu, hivyo nirudi nilikotoka. Hakuna aliyenitolea ukali wala aliyeniomba chochote. Wote walinikaribisha kiti. Lakini siku nane zilipita. Siku ya tisa vijana wa mtaani waliingia mtaroni kwa majembe, wakatoa magunia ya chupa za plastiki na godoro zima lililooza. Wakati huo magodoro ya watoto wangu yalikuwa juu ya paa yakianikwa.

Tangu siku ile naiangalia ramani ya mji kwa jicho jengine. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi na watu 593,678. Sensa ya 2022 ikaukuta na watu 893,169. Ni karibu laki tatu zaidi ndani ya miaka kumi, na Zanzibar nzima tulikuwa 1,889,773, maana yake karibu kila mtu wa pili anaishi mkoa huu. Nyumba hizo mpya wengi wetu tumezijenga Magharibi, bondeni na mabwawani, mahali ambapo zamani maji yalikuwa na pa kupumzikia. Ukipanda daladala Darajani mpaka Mwanakwerekwe hutaona pahali Mjini inapokwisha na Magharibi B inapoanza. Mji umeshakuwa mmoja.

Na taka je? Zetu sote zinapelekwa jaa la Kibele, ambako ni Wilaya ya Kati, nje kabisa ya jiji. Manispaa tatu, njia moja, jaa moja. Jina la Darajani lenyewe limetokana na daraja lililovuka hori (mkono wa bahari) baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori lilifukiwa zamani, watoto wetu hawalijui, na sisi bado tunaupanga mji vipande vipande.

Mfanyabiashara, Mwanakwerekwe

Kaka yangu, pole kwa magodoro. Hayo ya maji kwetu Mwanakwerekwe huna haja ya kutuhadithia, tumeyaishi. Lakini kwenye hoja yako sikubaliani nawe hata kidogo.

Baraza likiwa moja, ofisi itakuwa wapi? Mjini. Wageni wanatembea wapi? Mji Mkongwe, ambao tangu 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kiongozi akija kukagua atapelekwa Forodhani, hatapelekwa kwenye kichochoro chetu. Sisemi Mji Mkongwe usitunzwe. Jumba la kale la Beit al-Ajaib lilipoporomoka sehemu Disemba 2020 na mimi nililia kama wengine. Nasema pesa ya ushuru tunaoulipa sisi wauza mboga na nguo ikiingizwa mfuko mmoja na Mjini, haitarudi Mwanakwerekwe.

Halafu kuna jambo nyinyi wanaume wa barazani hamlihesabu. Mimi diwani wangu namkuta sokoni. Namshika mkono, namwambia choo hakina maji tangu jana, na anakwenda kukitazama kwa macho yake, maana na yeye ananunua samaki pale pale. Tukiwa baraza moja la watu karibu laki tisa, ama madiwani watakuwa wengi hata wasipate zamu ya kusema, ama watapunguzwa na wangu nisimuone tena mpaka uchaguzi. Hilo la mtaro wako ni la ofisi mbili kukosa kusikilizana. Dawa yake ni kuzikalisha pamoja. Kuzivunja zote ni kutuadhibu sisi tusiokuwa na kosa.

Mtumishi mstaafu wa serikali za mitaa

Assalaam aleikum. Nimesoma nyote wawili, na naona mnagombania idadi ya mabaraza kabla ya kuuliza baraza lenyewe lina nini mkononi.

Mimi nilianza kazi chini ya sheria mbili za 1995, moja ya manispaa, nyengine ya halmashauri za wilaya na mabaraza ya miji. Ikaja Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, na ndugu yake Namba 8 ya tawala za mikoa. Kisha 2017 ukaanza ugatuzi, majukumu ya elimu ya maandalizi na msingi, afya ya msingi na kilimo yakashushwa kwa mabaraza. Katika mabadiliko yote hayo tulibadilisha mihuri, vibao vya milangoni na barua za juu. Nani anateuliwa na nani, hilo halikuguswa. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Sheha, mkuu wa shehia huko mitaani na vijijini, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Diwani peke yake ndiye anayepigiwa kura na wananchi wa wadi yake, naye hana mamlaka ya kumuondoa yeyote kati ya hao. Mama wa Mwanakwerekwe anamshika mkono diwani, vizuri sana. Lakini diwani naye amshike nani?

Na baraza moja mnalolitaka, likiundwa kesho, maji yatabaki ya ZAWA, mamlaka ya maji, umeme wa ZECO, shirika la umeme, na Mji Mkongwe utabaki na mamlaka yake ya hifadhi. Kijana wangu, ungekwenda ofisi moja badala ya mbili, na ile moja ingekutuma kwa taasisi nyengine.

Tazameni wenzetu wa Dar es Salaam. Serikali ilivunja Baraza la Jiji 1996, ikaweka Tume. Mwaka 2000 wakapata umbo kama letu hili: manispaa za Ilala, Temeke na Kinondoni, na Jiji juu yake. Baadaye zikaongezwa Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja Baraza la Jiji na Ilala ikapandishwa kuwa jiji, kwa hoja kwamba baraza lile la juu halikuwa na eneo lake. Mara mbili ndani ya miaka 25. Na Mto Msimbazi umeendelea kufurika Jangwani chini ya maumbo yote hayo. Kabla ya kuvunja, tuandike kwanza kila kazi na mwenyewe.

Mkaazi wa Wete

Ndugu zangu wa Unguja, mazungumzo yenu ni mazuri ila yametusahau. Huku Pemba, Chake Chake, Wete na Mkoani kila mmoja ni mji wenye baraza lake. Zao letu kubwa ni karafuu, na karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, shirika la biashara la Serikali. Mapato ya baraza tunayatafuta sokoni, gatini na kwenye vibanda. Likiundwa jiji moja lenye karibu nusu ya watu wa Zanzibar, siku ya kugawana ruzuku meya wake ataingia wizarani na sauti ya watu laki tisa. Wa Wete ataingia na sauti ya nani? Sipingi mjipange. Naomba tu mkipanga mtuweke kwenye hesabu, kwa sababu mfuko wa Serikali ni mmoja na bahari iliyopo kati yetu haiugawi.

Mtoa hoja anarudi

Nimewasoma mara mbili mbili, usiku na tena asubuhi.

Dada yangu wa Mwanakwerekwe, hofu yako ya mfuko mmoja sikuwa nimeipa uzito, na nakiri nilikosea. Nyumba yangu iko karibu na mjini, kwa hiyo sijawahi kujiona mtu wa kusahauliwa. Soko, leseni za biashara, usafi wa vichochoro, hayo yabaki kwenye manispaa zenu na pesa yake ibaki huko huko. Narudi nyuma katika hilo.

Katika mitaro mikubwa na taka sirudi nyuma. Hizo ofisi mbili kukalishwa pamoja ni jambo ambalo mimi mwenyewe nililiomba nikiwa nimelowa mpaka magotini, na hakuna kifungu kinachomlazimisha yeyote kukaa. Baraza la Jiji lipo. Lipewe mitaro yote inayovuka mpaka wa manispaa na safari yote ya taka mpaka Kibele, pamoja na fungu lake na mafundi wake. Watu wa Kibele nao wapate kiti kwenye kikao kinachoamua, wao ndio wanaopokea harufu yetu. Hapo Jiji litakuwa na kazi inayoonekana, na hoja iliyolivunja la Dar haitatukuta.

Mzee wangu mstaafu, katika la uteuzi nakuunga mkono kwa mkurugenzi: madiwani wawe na sauti anapopimwa kazi yake kila mwaka. Kwa sheha bado nasita. Bara wenyeviti wa mitaa wanachaguliwa kwa kura, na nimeona jinsi kura hiyo inavyoweza kuvunja ujirani. Kwetu shehia ni ndogo, tunazikana wenyewe kwa wenyewe. Nipe muda, au nishawishi.

Ndugu wa Wete, swali lako sina jawabu lake. Nisingependa lipite hivi hivi. Anayeijua kanuni ya kugawa ruzuku aieleze hapa kwa lugha ya wazi.

Mimi nimeshachora mtaro wetu kwenye karatasi, tangu unapoanzia mpaka unapotokea, na mpaka wa wilaya nimeupiga mstari mwekundu. Unaukata pahali patatu. Ijumaa baada ya sala nitakuwa nao barazani. Nahitaji mtu wa upande wa pili wa njia aje aniambie kama nimeuchora sawa.